Kadi ya Mbwa Namba Kumi na Saba

Lile tangazo ukutani niliandika mimi. Nalisema mapema ili tukifika mbele huko tucheke wote, nisichekwe peke yangu. Linasema: HAKUNA MBWA WA SIKU YA NANE. Herufi kubwa, wino mwekundu, mistari nimepiga kwa rula.

Sheria ya halmashauri ni nyepesi. Mbwa akikutwa mtaani bila ukanda wa shingoni wenye namba ya usajili, gari letu linamchukua. Gari huzunguka kila Ijumaa. Mbwa anakaa kituoni siku saba. Mwenyewe akitokea na cheti cha chanjo anasaini fomu na kuondoka naye, na akitokea mtu mwingine wa kumlea, vilevile. Asipotokea mtu, Ijumaa inayofuata saa kumi jioni daktari wa mifugo anamchoma sindano ya usingizi usio na kuamka, maana jioni hiyohiyo gari linaingia na wengine, na vizimba ni ishirini tu. Zamani watu walikuwa wakija dirishani kwangu na machozi: niwekee mpaka Jumatatu, kaka yangu yuko safarini, cheti kiko kwa shangazi. Nilichoka. Ndipo nikaandika tangazo, na tangu siku hiyo mtu akianza kulia namwonyesha ukuta kwa kalamu.

Kituoni wananiita Mama Kadi. Kila mnyama anayeingia ana kadi yake, na kila kadi nimeandika mimi kwa mkono ambao hata Mkuu wa kituo huusifu mbele ya wageni. Nina daftari lenye sehemu nne: weusi, weupe, kahawia, mchanganyiko. Niulize mbwa yeyote wa miaka kumi na miwili iliyopita, nitakupatia kadi yake kabla hujamaliza kupiga chafya.

Kuna jambo moja tu ambalo sikuliandika popote. Mbwa namwogopa kama ukoma. Sababu naijua mimi na paja langu la kushoto, yaishie hapo. Kwa hiyo kazi tumeipanga hivi: mkamataji wetu, tunayemwita Kitanzi, anasimamisha gari uani na kupaza sauti, nami nikiwa ndani nyuma ya dirisha naandika anachosema. Kisha mwoshaji anachukua namba, anamwogesha mbwa kwa dawa ya kupe, anamwingiza kizimbani na kutundika namba mlangoni. Mwoshaji huyo ni mume wa mdogo wangu. Mimi namwita Shemeji, yeye ananiita Shemeji, na wageni hubaki wakitutazama. Yeye haji mbele, mimi siendi nyuma. Tumeishi kwa amani.

Ijumaa ile Kitanzi alipaza sauti kama kawaida. "Dume! Mweusi tii! Umri umekwenda kidogo, hana ukanda! Nimemtoa kwenye banda la muuza mkaa!"

Nikaandika: dume, mweusi tii, mzee kiasi, bila ukanda, namba kumi na saba. Kadi safi kabisa.

Jumatatu asubuhi akaingia fundi cherehani. Mama wa miaka sitini hivi, futi ya kupimia bado iko shingoni, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Nikamwamkia shikamoo, akagusa sikio lake na kutikisa mkono: hasikii. Akatoa daftari la shule na penseli, akaandika haraka na kulisukuma kwangu.

Nilisoma. Mbwa wake amepotea tangu Ijumaa. Alikuwa amemvua ukanda ili amshonee mpya, ule wa zamani umechakaa, na mlango haukufungwa vizuri. Ni dume, mweupe, sikio la kulia la kahawia, ncha ya mkia imekatika. Yeye haishi na mtu, na mbwa huyo ndiye masikio yake: mteja akigonga, mbwa humvuta gauni. Jina lake Karani.

Hapo kwenye jina, niseme kweli, nilikunja uso. Nikamtazama yule mama, nikaitazama ile meza yangu iliyoandikwa KARANI. Akatabasamu, akaongeza chini: "Kwa sababu anapokea wageni."

Sikutabasamu. Nilifungua daftari langu, sehemu ya weupe. Wiki ile hakukuwa na mweupe hata mmoja. Nikanakili maelezo yake kwenye fomu ya waliopotea, neno kwa neno. Kwenye nafasi ya simu aliandika kwamba simu imeharibika, tumfuate nyumbani, na akachora ramani ndogo ya mtaa wake. Kisha nikaandika kwenye daftari lake neno moja: "Hayupo."

Akaandika: "Naomba nichungulie tu."

Wageni hawaruhusiwi vizimbani. Kulikuwa na kisa cha kichaa cha mbwa mwaka juzi na sheria ikaandikwa. Nami nikafanya kile ninachofanya, nikamwonyesha ukuta. Alisoma matangazo yote, hata la siku ya nane, akafunga daftari lake taratibu na kutoka. Nikaendelea na chai yangu.

Ijumaa ikafika. Wiki ile alibaki mbwa mmoja tu asiye na mtu, namba kumi na saba. Daktari wa mifugo aliingia saa tisa alasiri na mkoba wake, akachukua kadi, akaenda nyuma. Haikupita dakika tano, Shemeji akatokea dirishani kwangu. Shemeji, ambaye haji mbele. Mikono inamchuruzika maji, na katika vidole viwili ameshika kadi yangu.

"Shemeji, Daktari amerudisha hii."

"Amerudisha nini?"

"Kadi. Anasema haifanani na mbwa. Hachomi mnyama ambaye kadi yake haifanani naye. Anauliza mmemwona mweusi kwa macho ya nani."

Miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kunirudishia kadi. Damu ilinipanda. Nikamwambia Shemeji kwamba kadi zangu hazina kosa, labda wao huko nyuma wamebadilisha namba, na wangeacha kupiga soga wakati wa kazi wangejua mbwa gani ni wa nani.

"Namba ni hiyohiyo," akasema kwa upole wake unaoudhi. "Mimi nimemwosha mwenyewe. Maji matatu yametoka meusi kama wino. Alikuwa amejaa mkaa, Shemeji. Chini yake ni mweupe pee."

"Na hukusema?"

"Kwani mtu anaripoti uchafu? Kazi yangu kuosha."

Nikavuta kadi, nikakata neno "mweusi tii" kwa mstari mmoja, maana kosa likisharekebishwa ni kadi kama kadi nyingine, na nikaandika juu yake: mweupe. "Alama nyingine?"

"Sikio moja la kahawia."

"Lipi?"

"La kulia."

Niliandika "sikio la kulia la kahawia" na mkono wangu ukasimama wenyewe. Mkono ulijua kabla yangu. Ulikuwa umeshayaandika maneno hayo, kwa mpangilio huohuo, Jumatatu.

"Shemeji. Mkia wake."

"Una nini?"

"Nijibu. Mkia ukoje?"

"Umekatika ncha."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kiti kikianguka na Shemeji akirudi nyuma. Nilivuta faili la waliopotea, nikapata fomu, nikaiweka kando ya kadi. Muuza mkaa! Kitanzi alikuwa amenitangazia kabisa kwamba amemtoa kwenye banda la muuza mkaa, na mimi nikaandika rangi ya mkaa kuwa rangi ya mbwa. Nyani haoni kundule. Mara ngapi nimewasema wenzangu kwa kutofikiri?

Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini. Nikampigia Mkuu wa kituo, aliyekuwa mkutanoni makao makuu.

"Mkuu, namba kumi na saba ana mwenyewe. Kosa ni langu. Naomba akae mpaka Jumatatu nimlete mwenyewe asaini."

"Mama Kadi, soma ukutani."

"Mkuu, nimekosea mimi, si yule mama."

"Nakuelewa. Wiki iliyopita yule mzee wa mbwa wa kahawia alikupigia magoti ukaniletea kanuni, nikakuunga mkono. Leo nikikuongezea wewe siku, yule nitamjibu nini? Mpaka saa kumi. Fomu ikiwa na saini kabla ya saa kumi, mbwa ni wake. Ikikosekana, Daktari afanye kazi yake."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitamani kulia, lakini kilio mimi mwenyewe nilishakiwekea tangazo. Nikafungua kitabu cha sheria ndogo badala yake. Kama kuna mtu mjini anayekijua kile kitabu ni mimi. Kifungu cha kuchukua mnyama: mwenye mnyama atasaini kabla ya saa kumi, mbele ya afisa wa kituo. Nikasoma tena. Mbele ya afisa wa kituo. Hakikusema kituoni! Na kifungu kinachofuata kinamruhusu mnyama kutoka kwenda kutambuliwa, iwapo atasindikizwa na afisa aliyemwandika.

Aliyemwandika ni nani? Nilichungulia nje. Gari la Kitanzi ndiyo kwanza lilikuwa linawashwa kwenda mzunguko wa jioni.

"Simamisha!" nikamwambia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Shemeji, mlete huyo mbwa. Kiti cha mbele."

Shemeji alinitazama. "Mbele utakaa wewe."

"Najua nitakaa wapi. Mlete."

Nikamwandika kwenye daftari la kutoka, saa tisa na dakika ishirini na sita, kwenda kutambuliwa. Daktari akatoka akipangusa miwani. Akasema sindano yake haina haraka, lakini saa yake na saa ya Mkuu zinakwenda pamoja. Kisha akaniwekea mkononi kamba, na upande wa pili wa kamba kulikuwa na mbwa.

Hebu fikiri. Miaka kumi na miwili nimeandika mbwa elfu kadhaa, na huyu ndiye wa kwanza niliyemwona macho kwa macho. Mweupe kweli, ndevu zake zimeanza kuwa za manjano, lile sikio la kahawia limelala kidogo. Alinusa kiatu changu. Nikamwomba Mungu msamaha wa dhambi zangu zote kwa mkupuo, nikapanda.

Kitanzi aliendesha huku akicheka. "Dada, unapumua?"

"Tazama barabara."

"Mbwa mwenyewe anakuogopa wewe. Angalia alivyojibana."

Ni kweli alikuwa amejibana mlangoni, lakini tulipovuka soko alibadilika. Aliinua pua. Tulipokata kona ya duka la mabati akasimama juu ya mapaja yangu, miguu yote minne, moja kwa moja juu ya lile paja la kushoto, akaweka pua kwenye upenyo wa kioo na kuanza kulia kwa sauti nyembamba. Nilikuwa natetemeka, ila sikujua tena kama ni woga. Nilikuwa nimemshika kiunoni asianguke.

Mita mia tatu kabla ya mtaa wa kwenye ramani tukakuta barabara imechimbwa. Bomba la maji, mtaro wa ukubwa wa kaburi, mafundi wamekaa pembeni wanakula karanga. Saa tisa na dakika arobaini na mbili.

"Kuzunguka ni dakika kumi na tano," Kitanzi akasema, na sasa hakuwa anacheka.

Nikafungua mlango. Mbwa alitangulia, kamba ikakaza, na mimi nikafuata nikiwa na fomu ndani ya blauzi na viatu vya ofisini miguuni. Tuliruka mtaro. Mmoja wa mafundi akauliza nani anamtembeza mwenzake, na swali lilikuwa la haki. Tulipita vibanda vya mboga, tukapita kinyozi, watu wakitupisha njia. Kiatu kimoja nilikiacha mbele ya kinyozi. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na nilikuwa nakimbia mtaani na mbwa, na ndani ya kifua changu, pamoja na hofu yote ile, kulikuwa na furaha fulani ya kipumbavu iliyotaka kutoka kwa nguvu.

Alisimama mwenyewe kwenye mlango wa kijani. Kulikuwa na kibao: FUNDI NGUO. Ndani nilisikia cherehani ikienda, trrrr, inapumzika, trrrr.

Nikagonga. Cherehani ikaendelea. Nikagonga kwa ngumi. Nikaita hodi mara tano, na ya sita nikaacha katikati, kwa sababu ndipo nilipoelewa nilichokuwa nafanya.

Jirani, mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo, akaniangalia kwa huruma. "Utagonga mpaka kesho. Mbwa wake amepotea. Wiki nzima wateja wanagonga, wanakasirika, wanakwenda kwa fundi mwingine. Mie humpungia dirishani, lakini leo kashusha pazia. Tangu juzi hataki hata..." Akamwona aliyekuwa miguuni pangu. Kapu la nguo likamponyoka. "Yesu na Maria. Si huyo?"

"Ndiye. Kuna mlango mwingine?"

"Wa uani, lakini anaufunga kwa ndani. Mbwa ana njia yake, pale kwenye bati."

Kwenye kona ya ukuta kulikuwa na kipande cha bati kilichoning'inia juu ya tundu. Mtu asingepita. Mbwa alikuwa akikitazama muda wote huo, akinivuta, na mimi nimeng'ang'ania kamba. Sheria inasema afisa asimwachie mnyama kabla ya saini. Niliijua kwa namba ya kifungu. Saa tisa na dakika hamsini.

Nikapiga magoti, nikaweka mikono yangu miwili kwenye shingo ya mbwa, nikafungua fundo. Bati likalia mara moja, akatoweka.

Trrrr, ilisema cherehani. Trrrr. Kisha ikakatika katikati ya mshono.

Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia sauti ya yule mama, sauti isiyojisikia yenyewe, ikipanda juu na kuvunjika. Jirani alikuwa ameshika mkono wangu na wote wawili tulikuwa tunalia bila aibu. Nilidhani sasa watakaa humo wakikumbatiana na saa kumi itapita nikiwa nje na kiatu kimoja. Lakini nyayo zilikuja. Zilikuja kwa kuburutwa, hatua mbili, zinasimama, hatua moja. Komeo likavutwa.

Yule mama alikuwa amelowa uso mzima, anainama, mikono yote miwili inamtafuta mbwa. Mbwa alikuwa hakubali kushikwa. Alikuwa ameuma pindo la gauni lake na anamvuta, anamvuta, mpaka akamfikisha kizingitini. Hapo akaketi. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akanitazama mimi tena, masikio yote mawili yamesimama. Wiki nzima amefungiwa, na alipofika nyumbani alianza na kazi: kuna mtu mlangoni.

Yule mama aliinua macho akaniona. Kisha akamgusa mbwa juu ya kichwa kwa kiganja, mara mbili: nimeona. Hapo ndipo mbwa alipoliachia gauni na kuwa kichaa kwa furaha.

Nilitoa fomu. Ilikuwa imelowa jasho. Nilimwonyesha saa yangu, nikamwonyesha mahali pa saini, naye alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alikimbilia ndani akarudi na cheti cha chanjo, akasaini juu ya mgongo wa mbwa, saa kumi kasoro dakika sita. Kitanzi alitokea anahema, kiatu changu mkononi, na nikampa simu ampigie Daktari.

Yule mama alikuwa ameshanitambua. Niliona alivyonitazama, kwanza uso, kisha sare, kisha ile kalamu nyekundu mfukoni. Nilingoja. Kofi lingenifaa, hata mawili. Akachukua daftari lake la shule mfukoni, akaandika, akanipa.

"Pole. Umegonga sana?"

Nilichukua penseli. Mwandiko wangu unaosifiwa mbele ya wageni ulitoka kama wa mtoto wa chekechea, mstari ukapanda, mstari ukashuka. Niliandika: "Uliyegonga ni wewe. Jumatatu. Mimi ndiye sikusikia."

Alisoma. Akasoma tena, penseli mdomoni. Kisha akanishika mkono wa sare, akanivuta ndani.